Ubani wa Dhofar: kuuchagua na kuufukiza usiungue

Ubani ukitoa moshi mweusi unaowasha macho, ujue umeungua. Unatakiwa uyeyuke polepole, na kazi yote ni kuutuliza moto.

Dukani kwanza. Ubani wa Dhofar, kusini mwa Oman, ni utomvu wa mti uitwao kitaalamu Boswellia sacra. Wavunaji hukwangua gome, huacha utomvu ukauke kwa wiki mbili hivi, kisha hukwangua tena palepale. Wa mkwanguo wa kwanza ni hafifu. Mzuri huanza kutoka mkwanguo wa tatu. Ule wa daraja liitwalo Hojari, unaopitisha mwanga na kuelekea kijani, ndio ghali zaidi. Kwa kufukizia nguo tu, wa kahawia unatosha.

Una shaka nao? Saga tone moja lililokauka, ukoroge katika maji vuguvugu. Ubani halisi huyafanya maji yawe meupe, maana una gundi inayoyeyuka majini. Sandarusi na utomvu wa msonobari havina gundi hiyo, hivyo maji hubaki maangavu.

Tandaza majivu au mchanga mkavu wa sentimita 2 ndani ya chetezo, udongo usije ukapasuka. Washa kaa moja mpaka livae majivu meupe. Makaa ya duara yanayowaka upesi yana dawa ya kuwashia, basi ngoja cheche na harufu yake viishe. Nyunyiza majivu laini juu ya kaa, ndipo uweke matone 2 au 3 yenye ukubwa wa punje ya mahindi. Moshi ukipanda mzito papo hapo, ongeza majivu. Usipopanda kabisa, yapunguze.

Masalia meusi yatoe kabla ya kuongeza ubani mwingine; hayo ndiyo yanayonuka. Wamisri wa kale hawakuyatupa, waliyasaga wakatengeneza wanja. Wao waliuthamini ubani mno: kuta za hekalu la Hatshepsut, farao mwanamke, huko Deir el-Bahari, la karne ya 15 KK, zinaonyesha miti ya uvumba ikibebwa na mizizi yake kutoka nchi ya kale ya Punt.

Nguo zitandaze juu ya tenga lililofunika chetezo, zikiwa na unyevu kidogo. Kavu kabisa hazishiki harufu vyema. Usizipe mgongo, kaa halina adabu.

Dirisha liwe wazi daima, kwa kuwa makaa hutoa hewa ya sumu isiyonuka. Mwenye pumu na mtoto mchanga wakae chumba kingine.

Ukitaka kusaga ubani mwingi, ugandishe kwanza kwenye friza kwa saa moja. Ukiwa na joto hunata kwenye kinu.