Outlook inapokataa cheti cha seva ukiwa nje ya ofisi

Ofisini Kigoma mjini barua zinaingia bila shida. Ukifika Kasulu, ukaunganisha kompyuta na intaneti ya simu na kufungua Outlook, programu ya barua pepe, linatokea dirisha la onyo kuhusu cheti cha usalama, yaani kitambulisho ambacho seva (kompyuta inayotunza barua) inakitoa kuthibitisha kuwa ndiyo yenyewe. Wengi hubonyeza “Ndiyo” ili kazi iendelee. Usibonyeze kwanza, lisome. Lina mistari mitatu: aliyetoa cheti, tarehe, na jina. Uliokosa alama ya vema ndio wenye kasoro.

Kasoro ikiwa kwenye tarehe, tazama saa ya kompyuta kabla ya kumlaumu mtu wa TEHAMA. Kwenye kompyuta ya mezani, betri ndogo ya ubao mama (CR2032, volti 3) ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka ya nyuma, na cheti cha leo kinaonekana hakijaanza kutumika. Weka tarehe kwa mkono, chagua ukanda wa saa wa UTC+03:00 (kwenye Windows umeandikwa Nairobi, usihangaike kutafuta Dar es Salaam), kisha badilisha betri. Na saa nane mchana ni 14:00, si 8:00. Kosa hilo hutokea zaidi kuliko watu wanavyokiri.

Saa ikiwa sahihi, basi cheti chenyewe kimeisha muda. Vya Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bure, vimezoeleka kudumu siku 90 na hujihuisha vyenyewe, lakini Dovecot na Postfix, programu za barua kwenye seva, zinaweza kuendelea kutoa kile cha zamani hadi zipakiwe upya. Ndiyo maana tovuti inafunguka salama huku barua zikigoma. Msimamizi wa seva aandike:

systemctl reload dovecot postfix

Jina ndilo linalosumbua zaidi walio safarini. Cheti kilitengenezwa kwa jina la ndani, tuseme seva.local, na ofisini kila kompyuta inaita jina hilohilo. Ukiwa nje unaita mail.jinalako.co.tz au namba ya IP, seva inajibu kwa cheti cha seva.local, na programu inakataa. Ina haki. Mamlaka za vyeti za umma haziruhusiwi kutoa cheti cha jina la ndani, kwa hiyo dawa ni cheti cha jina la nje, na watu wote walitumie hilo, hata walio ofisini. DNS ya ndani, yaani orodha ya ofisi inayogeuza majina kuwa namba za IP, ielekeze jina hilo kwenye seva ileile. Kama barua zenu ziko kwenye seva ya kukodi inayotumiwa na wengi, cheti huenda kina jina la mwenye seva. Muulize jina hilo ulijaze kama lilivyo. Libadilishe pande zote mbili: IMAP (ya kupokea barua) mlango 993, na SMTP (ya kutuma) 465 au 587. Ukisahau SMTP, barua zitaingia lakini hazitatoka.

Aliyetoa cheti akiwa hajulikani, soma jina lake. Likiwa la programu yako ya kuzuia virusi, zima kipengele chake cha kukagua barua. Kama ni cheti ambacho ofisi ilijitengenezea, kompyuta za ofisini zilishakisakinisha, yako bado. Kama baadhi ya programu zinakubali na nyingine zinakataa, huenda seva inatuma cert.pem peke yake, yaani faili la cheti chake tu; iwekewe fullchain.pem, lenye pia vyeti vya kati vinavyokiunganisha na mamlaka iliyokitoa.

Waifai ya gesti ni jambo jingine. Fungua kivinjari kwanza uone kama kuna ukurasa wa kuingia. Ukishaingia na onyo bado lipo, usikubali, maana nenosiri lako litakwenda kwa usiyemjua. Ili uone seva inatoa cheti gani, kwenye kompyuta ya Linux au Mac yenye OpenSSL (programu ya kukagua vyeti), andika:

openssl s_client -connect mail.jinalako.co.tz:993 -servername mail.jinalako.co.tz </dev/null | openssl x509 -noout -subject -issuer -dates

Iendeshe kwa waifai hiyo, kisha kwa bando la simu. Mstari wa issuer (aliyetoa cheti) ukitofautiana, seva yenu haina kosa. Achana na waifai hiyo, tumia bando.