Kuuguza jicho baada ya leza ya retina: ya kutarajia, ya kufanya na ya kuogopa

Wengi wanaopigwa leza (mwanga mkali wa tiba) ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, katika kliniki zetu za macho ni wagonjwa wa kisukari, na maelezo haya yanawalenga wao kwanza, ingawa mengi yanamfaa pia mtu ambaye retina yake ilichanika ikazungushiwa leza ili isibanduke. La kuelewa kabla ya yote ni kwamba leza hii haikusudiwi kurudisha uoni uliokwisha kupotea, bali kuulinda uliobaki. Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi huharibu na kuziba mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho, na retina iliyokosa damu ya kutosha huotesha mishipa mipya ambayo ni dhaifu na hupasuka kwa urahisi. Daktari huunguza kwa mwanga vidoa vidogo sana pembezoni mwa retina, mara nyingi 1,200 hadi 1,600 kwa jicho moja, ili eneo hilo lisiendelee kudai damu na mishipa hiyo mibovu inyauke. Pembeni panatolewa mhanga ili katikati, tunapotumia kusomea na kutambua sura za watu, pasalimike.

Shangazi yangu hakuelezwa haya. Alirudi nyumbani baada ya awamu ya kwanza, akakaa siku mbili akilinganisha, kisha akaniambia, “Mwanangu, jicho lilikuwa na nafuu kabla hawajaligusa.” Tarehe ya awamu ya pili ikapita bila yeye kwenda. Baada ya miezi kadhaa aliamka asubuhi akaona kitu kama utando wa buibui mweusi ukishuka mbele ya jicho, akajaribu kuufuta kwa upindo wa kanga, nao haukufutika, kwa kuwa ilikuwa damu iliyovujia ndani ya jicho. Ndiyo maana nasisitiza kwamba awamu zilizopangwa zimalizwe zote. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani katika miaka ya 1970 ulionyesha kuwa leza ya aina hii hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa kupoteza sehemu kubwa ya uoni, lakini faida hiyo haipatikani kwa tiba iliyoachwa njiani.

Siku yenyewe ya leza mgonjwa asiende peke yake. Dawa ya kupanua mboni huendelea kufanya kazi kwa saa nne hadi sita, pengine zaidi, na mwanga mkali wa leza humwacha mtu akiona giza au rangi ya ajabu kwa dakika kadhaa baada ya kuinuka kitini. Asiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo, na miwani ya jua au kofia yenye ukingo mpana itamsaidia sana njiani. Jicho huwa limetiwa dawa ya ganzi na kushikizwa lenzi maalumu, hivyo akilisugua kabla ganzi haijaisha anaweza kulikwaruza bila kujua. Maumivu ya kichwa au ya jicho jioni hiyo ni ya kawaida na kwa wengi hutulizwa na parasetamoli. Dawa za kisukari na za presha ziendelee kama kawaida, na hata anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Baada ya hapo wengi hurudia kazi zao kesho yake au keshokutwa. Mambo hubadilika iwapo kuna damu mbichi ndani ya jicho: hapo inafaa kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito ili damu itue chini, na kuepuka kuinama sana au kunyanyua ndoo na magunia. Kwa Mwislamu ni vyema kumuuliza daktari kuhusu kusujudu, kwani huenda akashauriwa kuswali akiwa ameketi kitini kwa siku kadhaa, ruhusa ambayo dini yenyewe imempa mgonjwa. Aliyezungushiwa leza kwenye mchaniko naye ajue kwamba kovu la kuishikiza retina halikamiliki siku hiyo hiyo. Huchukua takriban wiki mbili kukomaa, na katika muda huo retina bado inaweza kubanduka.

Sasa nieleze madhara. Linalolalamikiwa sana ni kupungua kwa uoni wa gizani na wa pembeni: mtu aliyezoea kwenda uani usiku bila taa hujikwaa, na akitoka juani kuingia chumbani hukaa muda mrefu kabla ya kuona vizuri. Hali hii inaweza kuwa ya kudumu, kwa hiyo taa ya korido iwashwe, vigoda viondolewe njiani, na anayeendesha gari apimwe upya kabla ya kurudi barabarani, hasa usiku. Wengine hupata shida ya kusoma maandishi ya karibu kwa wiki kadhaa. Mara nyingine katikati ya retina huvimba na uoni ukawa na ukungu. Uvimbe huo waweza kupungua wenyewe, au ukahitaji sindano za dawa ndani ya jicho. Ni nadra sana leza kuangukia katikati kabisa mwa retina, lakini ikitokea huacha doa lisilofutika.

Ili kugundua mapema madhara ya katikati ya retina, chukua karatasi moja ya daftari la hesabu lenye miraba, weka nukta nyeusi katikati, ibandike ukutani penye mwanga. Kila asubuhi, ukiwa umevaa miwani yako ya kusomea, ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, tazama nukta, kisha badilisha jicho. Mistari ikianza kupinda, au kipande cha miraba kikitoweka, nenda kliniki bila kusubiri tarehe yako.

Kuna dalili zinazodai hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili: vidoa vyeusi vingi vinavyozuka ghafla mbele ya jicho, mimweko kama ya radi pembeni mwa jicho, kivuli kama pazia linalofunga upande mmoja, uoni kupotea ghafla, au jicho jekundu lenye maumivu makali yanayoambatana na kichefuchefu. Usitie asali, maji ya majani wala maziwa ya mama; nimeona vikitiwa kwa nia njema, na havifiki kwenye retina hata kidogo, ila huweza kuleta maambukizi juu ya jicho.

Kabla ya kuondoka kliniki, muulize daktari mambo matatu na uombe yaandikwe kwenye kadi: ni jicho lipi limepigwa leza, awamu ngapi zimebaki, na tarehe ya kurudi. Kadi hiyo ikae pamoja na ile ya kisukari, na ndugu mmoja wa nyumbani aijue tarehe hiyo kama unavyoijua wewe.