SOMO: Kununua lori chakavu la jeshi na kulirudisha barabarani (kwa tuliopo Mwanza)

Wakuu habari za saizi. Naulizwa sana kuhusu zile Bedford na Land Rover zilizotoka jeshini, kama zinafaa kubebea mawe na mchanga au kuvuta boti mwaloni. Zinafaa sana tu, tatizo wengi mkifika mnakimbilia kuuliza "injini inawaka?" wakati injini inabadilishika hata kesho. Makaratasi na chesisi ndo hazibadilishiki, so tunaanza huko.

1. Makaratasi
Gari la serikali huwa linatoka kwa mnada wa hadhara, kwahiyo mnunuzi wa kwanza lazima awe na risiti ya malipo na hati ya kukabidhiwa. Dalali akikwambia kadi ya gari ipo inashughulikiwa we muage kwa amani. Namba ya chesisi soma kwenye chuma chenyewe, tarakimu moja moja, linganisha na karatasi. Kwa magari haya namba mara nyingi imefunikwa na rangi juu ya rangi, piga msasa taratibu usije ukaifuta alafu ukashindwa kujieleza kwenye ukaguzi wa polisi.

2. Chesisi
Vaa nguo mbaya, lala chini na tochi na nyundo ndogo. Gonga kwenye maungio na pale springi zinaposhikwa, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu. Angalia riveti, ukiona mstari mwembamba wa kutu umeanzia hapo ujue ni ufa. Gari lililokulia Dar au Tanga likague mara mbili kwa sababu ya chumvi ya bahari, ziwa letu ni maji baridi, kutu ipo ila haili kwa kasi ile.

3. Usipige stata
Hapa ndo watu wanaua injini. Gari limelala miaka, mtu analeta betri mbili kutoka Nyakato anabonyeza tu. Hapana bwana. Mwaga oili kwanza uione, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa basi maji yameingia, gasketi au hedi ina shida na hapohapo bei ishuke. Mwaga dizeli yote ya zamani, safisha tenki, filta mpya. Toa nozo (zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda), tia oili kidogo kwenye kila silinda, iache ilale, kesho yake zungusha injini kwa mkono na spana kwenye puli ya mbele. Ikizunguka mpaka mwisho bila kugoma ndo urudishe nozo na utoe upepo kwenye mfumo wa mafuta. Na siku ya kuwasha mtu mmoja asimame na kipande cha ubao kwenye mdomo wa kuvutia hewa, maana pampu ya dizeli iliyokaa inaweza ikawa imeganda upande wa mafuta mengi, injini inapanda mwendo yenyewe na kuzima swichi hakusaidii kitu, unaiziba hewa inakufa. Usizibe kwa mkono.

4. Matairi na breki
Rimu nyingi za malori haya ni za ringi, yaani kuna duara la chuma linaloshikilia tairi kwenye rimu. Kabla hujalegeza nati hata moja toa upepo wote, ng'oa na sindano ya ndani ya valvu. Ringi ikiruka inaua mtu, sitanii. Wakati wa kujaza weka tairi kwenye kizimba cha chuma, fundi pancha akikwambia yeye kazoea, tafuta mwingine. Kwenye breki badilisha hosi zote za mpira hata kama kwa nje zinaonekana safi, zinavimba kwa ndani, breki inashika haiachii.

5. Rangi
Ile kijani ya jeshi toa kabla hujaingia barabarani, na rangi mpya iingie kwenye kadi TRA.

MASWALI YA WADAU

Mkuu spea za Bedford si zilishaisha?
— Kiwanda ndo kiliisha. GM (General Motors, wenye Bedford) waliachana na malori hayo 1986, kampuni ya AWD wakaendeleza, nao wakafilisika 1992. Ila beringi ina namba na oili sili ina vipimo vyake, nenda dukani na namba usiende na jina la gari. Kitakachokutesa ni krauni na pinioni, zile gia za ndani ya difu, kwahiyo sikiliza difu kabla hujalipa.

Nikivutia boti mwaloni naingia majini mpaka habu, kuna shida kaka?
— Liache lipoe kwanza dada yangu. Habu ya moto ikiingia kwenye maji inapoa ghafla inavuta maji ndani. Fungua mara kwa mara, grisi ikiwa nyeupe toa yote.

Umeme ni volti 24, naweza kuchukua 12 ya redio kwenye betri moja?
— Itapiga, ila hiyo betri itakuwa na njaa kila siku na mwenzake inachajiwa kupitiliza, zote zitakufa. Nunua kigeuzi cha kushusha 24 iwe 12.

Langu Bedford likikata kona kwenye lami linagoma, fundi anataka kushusha difu.
— Asiguse kitu. Umeacha fo wili imeingia, magari haya mbele na nyuma zinafungwa pamoja na lami hairuhusu tairi kuteleza. Rudi nyuma kidogo, toa ile liva, kata kona tena alafu ulete majibu.