Nyumba ndogo ya kutunzia wazee: jinsi ya kuipima kabla hujamhamishia bi mkubwa

Jamani nikisema nyumba ndogo msinielewe vibaya, naongelea zile nyumba za kawaida za mtaani huku Marekani jimbo la Washington, kwa nje garaji na bustani kama kwa jirani ila ndani wanatunzwa wazee mpaka sita, zingine zina kibali cha nane. Sisi wabeba boksi tunaziita AFH, yaani adult family home. Nimefanya kazi humo miaka, na kila mara kuna mtu ananipigia, kaka mama kaanza kusahau jiko linawaka, mimi na wife wote tuna shifti, nifanyeje.

Kwanza aibu weka pembeni. Ndugu zako Dar watasema umemtupa mama, ila wao hawamuoni anavyoshinda peke yake masaa kumi ghorofa ya tatu anaangalia mvua dirishani.

Uzuri wa hizi nyumba ni uchache wa watu. Mhudumu anajua nani chai haweki sukari, nani leo hajala, nani mguu umevimba tangu jana. Alafu kuna suala la lugha, mtu akianza ugonjwa wa kusahau mara nyingi kizungu kinaondoka mapema anabaki na Kiswahili chake. Nilimkuta bibi mmoja wa pwani kahamishwa kutoka jengo kubwa, faili lake limeandikwa mkorofi, anapiga kelele chooni. Siku ya kwanza nikamsikia mwenyewe, "kopo! kopo!", na kule walikuwa wanamletea kikombe cha kahawa. Bibi anataka maji ya kutawaza jamani! Nikamwekea kopo la plastiki pembeni ya choo, ukorofi ukaishia hapo. Nyumba nyingi ndogo wenyewe ni Wakenya, Waethiopia, Wafilipino, Waromania, kwaiyo ukitafuta unaweza kupata yenye mtu wa kuongea nae.

Sasa ubaya nao unatokea hapo hapo kwenye uchache. Mhudumu mmoja akiugua ratiba yote imevurugika. Mzee wa chumba cha pili akiwa anapiga mayowe usiku, mama yako hana floo nyingine ya kuhamia. Nesi haishi pale, anakuja kwa zamu yake na kuwafundisha wahudumu kutoa dawa, hata sindano ya insulini wanachoma wao chini ya usimamizi wake. Na usiku ndo pabaya zaidi. Mimi nilishabaki peke yangu na wazee sita, saa tisa usiku mzee wa kilo mia na kitu kaanguka kati ya kitanda na ukuta, kumnyanyua siwezi, huyu mwingine anaita, yule kashaamka anatafuta mlango wa nje, ikabidi nipige 911 zima moto waje kumnyanyua. Kwaiyo swali la usiku usiliulize kwa aibu: usiku kuna mtu anakesha au analala? Nyumba nyingi mhudumu analala, kama mama yako anazunguka usiku hiyo haikufai hata kama makochi ni mazuri.

Kabla hujaenda ingia tovuti ya DSHS, idara ya jimbo ya huduma za jamii na afya, ndo wanaotoa leseni, utafute jina la nyumba usome ripoti za ukaguzi, kwa kawaida wanakaguliwa angalau mara moja kila miezi 18. Kosa la karatasi kukosa sahihi lisikutishe, ila ukiona makosa ya dawa yanajirudia ripoti hadi ripoti, kimbia.

Alafu nenda mara mbili. Mara ya kwanza kwa miadi, utapewa biskuti na mwenye nyumba ataongea vizuri. Mara ya pili nenda jumapili jioni wakati wa kula. Vuta pumzi mlangoni, harufu ya mkojo haifichiki. Angalia kama mhudumu anamlisha mzee huku anamuongelesha au macho yapo kwenye simu. Muulize yeye, sio bosi, umekaa hapa muda gani? Kama wote wana wiki mbili, jua kuna kitu kinawafukuza.

Hela sasa. Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, hailipii chumba wala matunzo ya kila siku, wengi wanagundua wameshachelewa. Medicaid, ile ya wenye kipato kidogo, inalipa kwa anayestahili, ila mzazi mwenye grini kadi chini ya miaka mitano kwa kawaida hapati, hapo ni mfuko wenu na ni maelfu ya dola kila mwezi, mkae kikao cha familia mapema. Uliza pia, hela yetu ikiisha akaingia Medicaid mtambakisha? Jibu litoke kwa maandishi. Na usome kipengele cha akilazwa hospitali chumba kinatunzwa siku ngapi na nani analipa. Kumtoa mzee wanatakiwa wakupe notisi ya siku 30, labda iwe dharura.

Akishahamia usitangaze siku unayoenda. Mvue soksi umuangalie visigino, muangalie na mgongo chini kabisa, vidonda vya kulala vinaanzia huko kwa wekundu usiofutika. Ukiona kitu na mwenye nyumba anakuzungusha, mpigie ombudsman wa wazee, yaani mtetezi wa haki zao anayepokea malalamiko, ni bure.

Siku ya kuhama mpakie kanga zake, mto wake, redio, na kopo, na hilo kopo libandike karatasi uandike kwa kizungu kazi yake.