Kitunguu swaumu nyuma ya nyumba kwa mbolea ya kuku wako

Kama unafuga kuku wa kienyeji hata watano tu mbolea unayo tayari, ila usiitoe bandani ukaimwaga moja kwa moja kwenye tuta, ikiwa mbichi ina moto sana inaunguza mizizi. Changanya na majani makavu, nyunyiza maji, funika, uwe unageuza, baada ya miezi mitatu hivi inakua nyeusi na ile harufu ya kuchoma pua imeisha, hapo imeiva.

Mbegu chagua zenye punje nene. Swaumu inapenda baridi, ndo maana Mbulu na Lushoto inakubali sana, watu wa pwani mtapata majani zaidi kuliko vitunguu, lakini hayo majani katia kwenye mayai ya kukaanga jamani ni matamu mno.

Banjua punje siku ya kupanda, ganda usimenye, kitako chini ncha juu, sentimita 5 kwenda chini na 10 hadi 15 kati ya punje. Tandaza nyasi kavu, alafu siku hiyohiyo zungushia wavu au miba maana kuku wakiona udongo laini wanapekua wote.

Majani yakianza kukauka kuanzia chini acha kumwagilia, subiri kama wiki mbili ndo ung'oe, anika kivulini na majani yake.

Jogoo mgumu mchemshe taratibu na swaumu na tangawizi za kutwanga, nyanya weka nyama ikishalainika.