Somo: Kuutofautisha ukuta wa seli na utando wa seli kwa kutumia kitunguu

Kila muhula wanafunzi huniuliza kama ukuta wa seli na utando wa seli ni kitu kimoja. Si kitu kimoja: ukuta ni ganda gumu la nje, na utando ni ngozi laini iliyo ndani yake. Uthibitisho wake unaonekana kwa hadubini ya kawaida ya shule.

1. Kata kitunguu chekundu, uchukue gamba moja nene.
2. Bandua ngozi nyembamba yenye rangi iliyo upande wa nje wa gamba hilo, uiweke kwenye slaidi yenye tone la maji, uifunike.
3. Tafuta seli kwa lenzi ndogo, kisha uzitazame kwa ukuzaji wa mara 400.
4. Koroga kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 100 za maji. Dondosha tone ukingoni mwa kifuniko huku ukiyafyonza maji ya awali kwa karatasi upande wa pili. Hapa ndipo wengi huharibu zoezi. Usiinue kifuniko, kwani seli ulizokuwa ukizitazama zitakupotea. Usitie iodini, maana huua seli, wala usitumie ganda kavu, kwa kuwa utando wa seli iliyokufa hauzuii tena chumvi kupita. Baada ya dakika chache utaona rangi ya zambarau, pamoja na utando unaoizunguka, ikijikusanya na kuachana na kuta, ambazo zenyewe hubaki mahali pake.
5. Rudisha maji safi. Seli hai zitajaa tena.

Swali: Mwalimu, mimi sioni chochote.
Jibu: Taja sehemu ya kitunguu na lenzi uliyotumia.

Swali: Nilitia iodini kwanza, na chumvi haikubadilisha kitu.
Jibu: Soma tena hatua ya 4.

Swali: Mwalimu, ikiwa ukuta uko nje ya utando, seli huujengaje?
Jibu: Nimefurahi umeliuliza hili. Seli inapogawanyika, vifuko vidogo kutoka kwenye Golgi, sehemu ya seli inayofungasha vitu vya kusafirishwa, hupeleka pektini, kitu kinachonata kama gundi, katikati, vikaungana kuwa bamba linalopanuka hadi kuzigusa kuta za seli mama. Bamba hilo ndilo tabaka la kati linalozishikamanisha seli mbili. Selulosi, yaani nyuzi kuu za ukuta, hailetwi ikiwa tayari: vimeng'enya vilivyomo kwenye utando huitengeneza papo hapo na kuitoa nje kama nyuzi, ndiyo maana tabaka jipya hulala karibu na utando. Seli za mbao, zikishakoma kukua, huongeza ukuta wa pili ndani ya ule wa kwanza, nao hugumishwa na lignini, kemikali inayoupa mti ugumu.

Swali: Je, magadi hulainisha maharage kwa kuugusa ukuta huo?
Jibu: Ndiyo, hulegeza pektini ya tabaka la kati, seli zikaachana bila kupasuka. Ponda kipande kidogo cha haragwe lililoiva kwenye tone la maji, nawe utaona seli nzima zikielea mojamoja na kuta zake. Hapo tia iodini, maana wanga uliomo utageuka rangi ya buluu iliyokolea.