Kabla ya Kupanda Mikoko, Fuata Maji

Vikundi vingi vya pwani hupanda miche ya mikoko maelfu kwa maelfu, na baada ya mwaka kinachobaki ni vijiti vikavu. Lawama huangukia kaa, mbuzi au mbegu mbovu. Wapo kweli, lakini mara nyingi tatizo ni maji. Kilichoua mikoko ya kwanza kikiwa bado kipo, kitaua na miche yenu.

Kule Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kutoka bara, likafukia mizizi ya kupumulia na miti ikafa ikiwa imesimama. Kwingine adui ni matuta ya mashamba ya chumvi yaliyoachwa, majaruba ya mpunga kama yale ya delta ya Rufiji, au barabara iliyopitishwa juu ya mkondo bila kalavati za kutosha. Maji yakizuiwa yasiingie, chumvi hujikusanya mpaka udongo unafanya ukoko mweupe. Yakiingia yasitoke, mizizi hukosa hewa.

Basi anzeni kwa kupima. Siku ya bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa kupita siku nyingine, simikeni vijiti viwili, kimoja kwenye msitu mzima ulio karibu, kingine mahali palipoharibika, muweke alama maji yanapofikia kilele. Hesabuni pia ni siku ngapi kwa mwezi maji yanafika kila upande. Kujua kama ardhi imenyanyuka au imeshuka, tumieni mpira wa maji ule wa mafundi ujenzi wa kupimia levo. Tofauti ya kiganja kimoja tu inatosha kubadilisha aina ya mti utakaoota hapo.

Mkigundua tuta ndilo linalozuia, likateni pale mkondo wa zamani ulipopita. Mlango mmoja mpana hapo unafaa kuliko vitundu kumi mahali pasipo na njia ya maji. Kisha subirini msimu mmoja au miwili. Kama miti mama ipo jirani, maji yenyewe yataleta mbegu, na huenda msihitaji kupanda kabisa. Najua ushauri huu haupendwi, maana kuchimba mfereji hakuna picha nzuri kama watoto wa shule wakiwa na miche mkononi.

Mahali ambapo mbegu haziji, pandeni kwa kufuata mpangilio wa msitu wenyewe. Kila aina ina mahali pake: mlilana hukaa mbele, upande wa bahari. Mkoko wenyewe (aina ya Rhizophora, si jina la jumla) na muia hufuata kwenye tope laini. Mkandaa juu zaidi. Mchu huvumilia chumvi ya nyuma karibu na nchi kavu. Kupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu zake ni rahisi kuokota ni hasara. Na msipande kwenye majani ya bahari: hapo ni malisho ya samaki tayari.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano chini ya tunda, na tunda huchomoka kwa kuvutwa kidogo. Likikataa, liacheni, mkilinyofoa mtavunja kichipukizi. Kaa wakiwa wengi, wekeni mbegu kivulini siku chache zinyauke kidogo, hapo huwa haziwavutii sana. Zamisheni theluthi moja, ncha chini, mita moja kati ya mbegu na mbegu. Pandeni bamvua ikishapita, ili mizizi ianze kushika kabla ya bamvua nyingine. Mchu, kwa kuwa mbegu zake ni ndogo na huelea, ni afadhali uanzie kitaluni. Vifuko vya plastiki vya miche virudi nyumbani.

Kabla ya kukata tuta au kupanda, pitieni ofisi ya misitu, maana mikoko iko chini ya serikali Kenya na Tanzania pia. Na mfadhili akitaka kulipa kwa kila mche uliopandwa, mwombeni alipe kwa ule utakaokuwa hai baada ya mwaka.

Halafu kuna wanaohitaji fito, pau, mazio na boriti, yaani miti ya kujengea ya unene mbalimbali. Hao hawataacha kujenga kwa sababu ninyi mmepanda. Gazi, kule Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja uliamua kupanda pia mivinje nchi kavu ili watu wapate miti ya kukata. Tengeni eneo la mivinje mwaka huohuo mnaofungua mkondo, kwani nayo huchukua miaka kadhaa kufikia unene wa boriti.